Kitambulisho na Mategemeo ya Programu: Maelezo Mafupi kwa Kuzingatia Maandishi ya Tetu

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo ambalo kwa kawaida huachiwa mafundi wa tarakilishi, ilhali linawahusu pia wanaisimu na walimu wa lugha za Kiafrika. Kila mradi wa kuunda programu huwa na faili moja fupi ambayo kazi yake ni kuieleza programu yenyewe. Faili hiyo hutaja mambo mawili. Kwanza, hutaja programu ni ipi: jina lake, asili yake, toleo lake, na jinsi maandishi yake yanavyopaswa kusomwa. Pili, hutaja programu inategemea nini, yaani ni kazi zipi za watu wengine ambazo hazina budi kuwepo ndipo nayo iweze kufanya kazi. Chombo cha kuundia huisoma faili hiyo, hukusanya vilivyotajwa, kisha hugeuza msimbo ulioandikwa na binadamu kuwa programu inayoweza kutumika.

Hoja yetu ni kwamba lolote lisilotajwa katika faili hiyo hujazwa na mashine kwa mazoea yake, na mazoea hayo hayakutungwa kwa kuzifikiria lugha zetu. Tutaitetea hoja hiyo kwa mfano wa Tetu, katika Kaunti ya Nyeri. Tetu ndiko alikozaliwa Dedan Kimathi, na ndiko alikozaliwa pia Wangari Maathai, aliyechaguliwa kuwa mbunge wa eneo hilo mwaka 2002. Kwa maendelezo ya Gĩkũyũ, majina hayo huandikwa Kĩmathi na Wangarĩ, na mji wa Nyeri huandikwa Nyĩrĩ. Alama ile ndogo iliyo juu ya irabu ndiyo itakayotuonyesha gharama ya mstari mmoja uliosahauliwa.

2. Suala la istilahi

Kabla ya kuendelea, yafaa tukubaliane juu ya maneno. Watafsiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walioshughulikia Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004, walihitaji kwanza orodha ya istilahi ndipo waweze kutafsiri menyu za programu hiyo. Nasi hatuna budi kufanya hivyo, japo kwa maneno machache tu.

Maelezo yanayoihusu programu, pasipo kuwa sehemu ya kazi yake, wengine huyaita «data juu ya data». Tafsiri hiyo si kosa, lakini haimwelezi mwanafunzi jambo asilolijua. Sisi tutatumia neno kitambulisho. Kila Mkenya aliyetimiza umri wa miaka kumi na minane anakifahamu kitambulisho: hakimlimii mtu shamba wala hakimpikii chakula, lakini bila hicho milango mingi humfungia.

Neno la pili linahitaji uangalifu zaidi. Kitenzi tegemea hutupa nomino kadhaa. Mtegemezi ni yule anayetegemea. Utegemezi ni hali ya kutegemea. Tegemeo ni kile kinachotegemewa, kama nguzo kwa paa. Baadhi ya waandishi wa leo hulitumia neno «tegemezi» kwa kile kinachotegemewa, na hapo uhusiano mzima hupinduliwa, kwa kuwa tegemezi ni programu yetu na vitu inavyoviegemea ni mategemeo. Kiingereza hutumia neno moja kwa uhusiano wenyewe na kwa kitu kinachotegemewa, nalo huwachanganya hata wenye lugha hiyo. Kiswahili kimekwisha kuvitenganisha. Hatuoni sababu ya kuitupa faida hiyo kwa ajili ya kufuata nyayo za lugha nyingine.

Kwa hiyo katika makala haya programu ina kitambulisho chake na mategemeo yake. Mategemeo hayo huhifadhiwa katika ghala, na kila moja lina toleo lake.

3. Kitambulisho cha programu

Vyombo vya kuundia vina historia ya karibu nusu karne. Mwaka 1976 Stuart Feldman, aliyekuwa katika maabara ya Bell huko Marekani, alitunga chombo kiitwacho Make. Ndani ya faili ya Make mwandishi alieleza hatua: faili hii itokane na faili ile kwa kufuata amri kadha. Ant, iliyotolewa mwaka 2000 kwa ajili ya lugha ya Java, iliendelea na njia iyo hiyo ya kuorodhesha hatua. Maven, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2004, ilibadili mtazamo. Mwandishi hatakiwi tena kueleza hatua zote. Anatakiwa kutangaza programu ni ipi na inategemea nini, na chombo kinazijua hatua za kawaida. Tangazo hilo huandikwa katika faili iitwayo pom.xml. Tutaitumia Maven kuwa mfano wetu, ingawa vyombo vingine navyo vina faili za namna hiyo.

Kitambulisho katika Maven kina nguzo tatu. Msomaji wa Tetu anaweza kuzielewa upesi akizilinganisha na jinsi mtu alivyotambulishwa kwa desturi ya Wagĩkũyũ. Ya kwanza ni kundi, ambalo tunaweza kulilinganisha na mbarĩ, yaani ukoo. Kundi huandikwa kwa kugeuza anwani ya intaneti ya mwenye programu. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kilichoko Nyeri, kina anwani ya dkut.ac.ke, basi programu iliyoundwa huko ingeweza kuandikwa chini ya kundi la ke.ac.dkut. Nchi hutangulia, kisha sekta ya elimu, kisha chuo. Nguzo ya pili ni jina la programu yenyewe ndani ya kundi hilo. Akina Mũthoni ni wengi, lakini ndani ya mbarĩ moja si vigumu kujua ni Mũthoni yupi anayetajwa. Nguzo ya tatu ni toleo, na hili linafanana na riika, yaani rika la waliotahiriwa pamoja. Ukilitaja rika la mtu, msikilizaji hujua ni wa wakati gani na aliishi pamoja na akina nani.

Toleo kwa kawaida huandikwa kwa tarakimu tatu, kwa mfano 1.4.2. Kwa mujibu wa desturi iliyoenea, tarakimu ya tatu huongezwa makosa yanaposahihishwa. Ya pili huongezwa uwezo mpya unapotiwa bila ya kuharibu wa zamani. Na ya kwanza huongezwa programu inapobadilika kiasi kwamba wanaoitegemea hawana budi kurekebisha kazi zao. Toleo linalobeba neno SNAPSHOT mwishoni ni toleo ambalo bado limo jikoni: jina lake leo na kesho ni lile lile, lakini kilichomo chaweza kuwa tofauti. Kwa sababu hiyo haifai kuwapelekea watu programu inayotegemea toleo la namna hiyo.

4. Mategemeo na mategemeo yake

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanafunzi anaunda programu ya kuorodhesha wakulima wanaopeleka kahawa katika kiwanda cha ushirika huko Tetu. Programu itapokea jina la mkulima na uzito wa buni, itahifadhi habari hizo, na itachapa stakabadhi. Mwanafunzi hataandika kila kitu mwenyewe. Atatumia maktaba moja ya kuzungumza na hifadhidata, nyingine ya kuchapa stakabadhi, na ya tatu ya kufanyia majaribio. Hizo ni mategemeo matatu ya moja kwa moja, na kila moja atalitaja kwa kundi, jina na toleo.

Pamoja na hayo, atataja upeo wa kila tegemeo, yaani linahitajiwa wakati gani. Maktaba ya majaribio hutajwa kwa upeo wa majaribio tu. Hiyo ni kama jukwaa la miti wanalosimamia waashi: nyumba ikikamilika jukwaa huondolewa, wala mwenye nyumba hakabidhiwi. Tegemeo jingine laweza kuwa la upeo wa kupewa, yaani litapatikana kwa mwenyeji pale programu itakapokwenda kufanya kazi, kwa hiyo si lazima kulibeba. Asiyetaja upeo hupewa ule wa kawaida, nao ni kubeba tegemeo nyakati zote.

Ugumu huanza pale ambapo mategemeo yenyewe yana mategemeo. Maktaba ya kuchapa yaweza kuhitaji maktaba nyingine tano, na kila moja ya hizo ikahitaji nyingine. Mgeni mmoja huja na wageni wake. Maven huwakaribisha wote, kwa kuwa kila maktaba nayo ina faili yake ya maelezo. Lakini ikitokea kwamba wawili wamemleta mgeni mmoja kwa matoleo mawili tofauti, ni lazima mmoja achaguliwe. Kanuni ya Maven ni kwamba toleo lililo karibu zaidi na programu yetu ndilo hushinda, hata kama ni la zamani. Na yakiwa sawa kwa umbali, hushinda lile lililotajwa kwanza. Maana yake ni kwamba kubadilisha tu mpangilio wa mistari kwaweza kubadilisha programu. Dawa ni mwandishi kulitaja waziwazi toleo analolitaka katika faili yake mwenyewe, kwa sababu hakuna lililo karibu zaidi ya hilo.

Matukio mawili yaonyesha uzito wa jambo hili. Mwezi wa Machi 2016 mwandishi mmoja wa lugha ya JavaScript aliondoa ghalani maktaba yake iitwayo left-pad. Maktaba hiyo ilikuwa na mistari kumi na mmoja tu ya msimbo, na kazi yake ilikuwa kuongeza nafasi upande wa kushoto wa maneno. Miradi mingi duniani ilishindwa kuundwa siku hiyo, na wenyewe wengi hawakujua kwamba waliitegemea. Ghala kuu la Maven limejikinga na balaa hilo kwa kanuni kwamba toleo likishatolewa halibadilishwi wala haliondolewi. Tukio la pili ni la Disemba 2021, dosari kubwa ya usalama ilipotangazwa katika Log4j, maktaba ya Java ya kuweka kumbukumbu za shughuli za programu. Kusahihisha hakukuwa kugumu kwa aliyejua kwamba anayo. Kazi ngumu ilikuwa kujua, kwani kwa wengi Log4j ilikuwa imeingia nyuma ya mgeni mwingine. Amri ya mvn dependency:tree huchora mti mzima wa mategemeo, na aliyekuwa na mazoea ya kuusoma mti huo aliweza kujibu swali hilo mapema.

Wahenga walisema kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Katika uundaji wa programu hapana asiyetegemea cha nduguye, na aliyeamua kuandika kila kitu mwenyewe hatamaliza. Umaskini humfikia yule asiyejua anategemea cha nani.

Kuna faida nyingine ya kutaja kwa ukamilifu, nayo inawahusu walio mbali na mtandao wa kasi. Tegemeo likishapakuliwa mara moja huwekwa katika ghala dogo lililo ndani ya tarakilishi, na toleo likiwa limetajwa bila utata, Maven haina haja ya kwenda tena nje kulitafuta. Chuo au shule yaweza pia kuwa na ghala lake, darasa zima likachota humo.

5. Usimbaji wa herufi na majina ya Tetu

Sasa turudi kwenye alama ndogo. Gĩkũyũ ina irabu saba. Maandishi yake huziwakilisha kwa a, e, i, o, u, pamoja na ĩ na ũ. Alama ya wimbi hapo si pambo. Ĩ ni irabu nyingine kabisa na i, kama vile katika Kiswahili e ilivyo nyingine na i. Anayeiondoa alama huzifanya irabu mbili kuwa moja, na kumwachia msomaji kazi ya kubahatisha. Kati ya majina ya mabinti wa Gĩkũyũ na Mũmbi, ambayo koo zimeitwa kwayo, wamo Wanjirũ, Wambũi, Wanjikũ, Wairimũ na Wangarĩ. Mwenye kuorodhesha wakulima wa Tetu atakutana na herufi hizo karibu katika kila ukurasa.

Tarakilishi haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Mfumo wa usimbaji ndio unaosema namba ipi ni herufi ipi. Mfumo uitwao ISO 8859-1, uliokusudiwa hasa lugha za Ulaya Magharibi, una nafasi kwa ñ, ã na õ, lakini hauna ĩ wala ũ. Mfumo wa UTF-8 unazo zote, na huiandika kila moja ya hizo mbili kwa baiti mbili. Basi faili iliyoandikwa kwa UTF-8 ikisomwa kana kwamba ni ya ISO 8859-1, kila irabu ya namna hiyo hugeuka kuwa alama mbili za kigeni: Nyĩrĩ huwa NyÄ©rÄ©, na Wanjirũ huwa WanjirÅ©. Na programu ikilazimishwa kuandika ũ katika mfumo usiokuwa nayo, Java huweka alama ya kuuliza, jina likawa Wanjir?. Katika hali ya kwanza jina laweza kuokolewa, kwa kuwa baiti zake zingalipo. Katika hali ya pili jina limepotea, na hapana ustadi utakaolirudisha.

Ni nani anayeamua mfumo upi utumike wakati wa kuunda? Kama faili ya maelezo imetaja, ni faili. Kama haikutaja, kwa muda mrefu ilikuwa ni mazoea ya tarakilishi husika. Maven hutoa onyo kwamba uundaji unategemea mashine unapofanyikia, lakini huendelea na kazi. Hivyo mwanafunzi mwenye tarakilishi ya Linux inayozoea UTF-8 huona kila kitu ni shwari. Mwenzake mwenye Windows huchukua msimbo ule ule, huunda programu, na stakabadhi ya Wanjirũ hutoka imeharibika. Watabishana juu ya msimbo, na msimbo hauna kosa. Kinachokosekana ni mstari mmoja katika pom.xml, ule unaoipa sifa ya project.build.sourceEncoding thamani ya UTF-8.

Watunzi wa Java wenyewe wamelitambua tatizo hili. Tangu Java 9, iliyotolewa mwaka 2017, faili za ujumbe wa lugha mbalimbali husomwa kwa UTF-8. Kabla ya hapo mwandishi wa Gĩkũyũ alilazimika kuandika \u0129 kila alipotaka ĩ. Tangu Java 18, ya mwaka 2022, UTF-8 ndiyo mazoea ya Java katika mashine zote. Lakini programu nyingi zingali zikiundwa kwa matoleo ya zamani, na kwa hizo kutaja ni lazima.

Haifai hata hivyo kuipa faili hiyo sifa isiyo yake. Haiwezi kumlazimisha karani aandike alama aliyoiacha. Mara nyingi jina katika kitambulisho cha taifa limeandikwa Wanjiru, na mashine huliona kuwa jina tofauti na Wanjirũ. Tena ũ yenyewe yaweza kuhifadhiwa kwa njia mbili, ama kama herufi moja, ama kama u ikifuatwa na alama ya wimbi, na macho hayaoni tofauti. Mambo hayo ni ya kushughulikiwa ndani ya msimbo, kwa kulinganisha majina kwa uangalifu. Yasiposhughulikiwa, mkulima mmoja huwa na kumbukumbu mbili, na malipo ya nusu ya kahawa yake yakawa chini ya jina ambalo hakuna anayelitafuta.

6. Kutaja lugha

Kitambulisho chaweza pia kutaja lugha ambazo programu inazizungumza. Mfano mzuri tunao hapa Kenya. OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanzishwa mwaka 2004, ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, na KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya nchini, imejengwa juu yake. OpenMRS huundwa kwa Maven, na kila kijenzi chake huwa pia na faili ya maelezo inayotaja jina lake, toleo lake, vijenzi vingine kinavyovihitaji, na faili ya ujumbe kwa kila lugha. Kijenzi kisichopata tegemeo lake hakianzi kufanya kazi. Ukali huo ni wa faida, kwani ni afadhali mfumo wa hospitali ukatae kuanza kuliko kuanza ukiwa na pengo.

Lugha hutajwa kwa alama za kimataifa za ISO 639, na hapa mzungumzaji wa Kiswahili hana budi kuwa macho. Alama ya Kiswahili ni sw. Alama ya ki si ya Kiswahili. Ni ya Gĩkũyũ. Walioziweka waliiacha ngeli ya Kiswahili wakachukua shina, lakini jina la Gĩkũyũ wakalichukua pamoja na ki- yake ya Kiswahili, yaani Kikuyu. Mwanafunzi anayedhani kwamba ki ni kifupi cha Kiswahili atazipa tafsiri zake alama ya lugha nyingine. Mashine haitamsahihisha. Mtumiaji akiomba sw, Java haitaipata, na itarudi kwenye lugha ya mazoea ya tarakilishi, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Tafsiri zipo, na hakuna anayeziona. Majirani wa Mlima Kenya nao wana alama zao za herufi tatu: mer kwa Kimeru na ebu kwa Kiembu, na Kikamba kina kam.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba faili ya maelezo ni tamko. Hutamka programu ni ipi, inategemea nini, inasoma maandishi kwa mfumo upi, na inazungumza lugha zipi. Tumeona pia kwamba mahali palipoachwa wazi hapabaki wazi: chombo huchagua upeo, huchagua toleo, na tarakilishi huchagua usimbaji na lugha. Kwa mwandishi wa Kiingereza uchaguzi huo mara nyingi hupita bila madhara, kwa kuwa herufi zake zimo katika kila mfumo. Kwa mwandishi wa Gĩkũyũ haupiti hivyo.

Kutokana na hayo twapendekeza mambo mawili kwa idara za lugha katika vyuo vyetu. Kwanza, wanaofunza tarakilishi wapewe istilahi zilizo sawa, hasa tofauti ya tegemezi na tegemeo, kabla maneno yaliyopinduka hayajazoeleka vitabuni. Pili, mwanaisimu akialikwa kushiriki katika mradi wowote wa programu ya lugha za Kiafrika, asingoje kuletewa orodha ya maneno ya kutafsiri. Aiombe kwanza faili ya maelezo, na aangalie mambo manne: kama usimbaji umetajwa kuwa UTF-8, kama alama ya lugha ni sahihi, kama kila tegemeo lina toleo lililotajwa, na kama mti wa mategemeo umechorwa na kusomwa. Kisha aombe programu ijaribiwe kwa majina ya watu wa mahali itakapotumika. Tetu, jina la kwanza la kujaribia liwe Wanjirũ.